Ubao wa Picha Kati ya Wakwe Wawili

Kwaru, kwaru, kwaru. Magurudumu ya bati juu ya sakafu ya saruji. Nilikuwa ndani ya stoo nimepiga magoti, nabandua karatasi zilizoshikana kwa unyevu, na sauti ile ikaja katika ujia wa makumbusho yetu polepole, ikisimama, ikiendelea, kama mgeni anayetafuta mlango. Nikadhani ni mtoto aliyewahi. Siku za familia watoto huwahi. Wazazi ndio huchelewa. Nikaita bila kutoka, "Ngoja nje, kijana, bado hatujafungua!"

Sauti ikakoma. Kisha mwanga wa mlangoni ukazibwa na mwanamume mrefu, mikono yake imejaa makovu ya moto wa kuchomelea. Alishika kijiti kirefu, na mwisho wa kijiti palikuwa na lori la waya na mikebe, limepakwa rangi ya buluu, lina hata vioo vya pembeni.

"Pole, mama," alisema. "Hapa ndiyo wanafundisha watoto kuchora? Mimi iko natafuta mutoto yangu."

"Amepotea?"

"Hapana potea. Bibi yake iko naye, kule Kyebando. Lakini kwa nyumba yake bibi hapana fungulia mimi. Nimesikia Jumamosi ya senene analeta yeye hapa."

Ninyi mnaoanza kazi hii leo, mna kalamu za rangi zilizojaa boksi, mna viti vidogo vyenye miguu ya plastiki. Nafurahi kwa ajili yenu. Mimi nitawaambia habari za mtu huyu, Fundi Anguyo, na binti yake Kisakye, na ubao mmoja wa kutundikia picha, kwa sababu sehemu kubwa ya niliyoyajua kuhusu kupokea familia katika nyumba ya sanaa ilipitia kwao.

Lakini kwanza mjue niliingiaje. Mimi ni mtoto wa reli. Baba alitoka Kenya na kazi yake ya breki, tukakulia katika nyumba za reli Nsambya, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kuombana chumvi. Ukitoka Nsambya, habari ilikuwa nyingine. Baada ya vita, ukimwambia mtu wa Kampala "njoo hapa" kwa Kiswahili, mabega yake yanajikunja kabla hajageuka, kwa kuwa kwa miaka mingi maneno hayo aliyasikia kutoka kwa mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabara. Mkuu wangu wa kazi aliniambia wiki ya kwanza, "Nekesa, Kiswahili chako kizuri, lakini mtoto usimwite nacho kwa mbali. Mwendee. Chuchumaa. Ndipo useme."

Mkuu huyo tulimwita Nalongo, jina wanaloitwa mama wa mapacha kwa Kiganda, naye alilivaa kama cheo cha jeshi. Alikuwa mchoraji, alikuwa mwalimu, na hakujua kunong'ona. Paa la makumbusho lilivuja, nusu ya picha zilikuwa zimegeuziwa ukutani zikisubiri fremu, na yeye akasema tutafungua hivyo hivyo, watu walete watoto. "Wamezoea kuingia katika majumba makubwa wakiwa wameitwa kuhojiwa," alisema. "Sasa waitwe kucheza."

Siku ya familia ya kwanza niliyoiandaa mwenyewe nilipika gundi ya unga wa muhogo. Fundi mmoja wa mabango aliniambia sukari huifanya ing'ang'anie, nikatia sukari. Nikaipanga mezani katika vikombe, nyeupe, ya moto, inatoa mvuke. Nilipogeuka kuchukua karatasi na kurudi, familia nzima ilikuwa imekwisha kunywa uji. Baba wa nyumba, mwenye suti ya kanisani, akaniuliza kwa adabu kama kuna vikombe vingine, maana mdogo wao hakupata. Nalongo alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo tulitia maji ya mululuza, majani machungu kuliko dawa ya malaria, na hakuna aliyeomba nyongeza.

Kalenda yetu haikutoka ofisini, ilitoka angani. Mwanzo wa mwaka, jua kali, tulifinyanga, kwa sababu udongo hukauka. Pasaka ni mvua, basi tukafanya kazi za ndani, za karatasi na waya. Agosti ilikuwa mikeka. Novemba ni senene, wale panzi wa kuliwa. Desemba watu wote wamekwenda vijijini, tukaziba paa. Na jifunzeni mapema kufundisha kwa mikono, maana mvua ikianza juu ya mabati, kinywa hakina kazi. Familia zikikuona unapiga kelele zitadhani unagombana nazo.

Jingine: mzazi mpe kazi yake. Asipokuwa na kazi, atachukua ya mtoto. Nimewaona akina baba wakubwa wenye nyadhifa wakimnyang'anya binti wa miaka mitano brashi ili "amwonyeshe tu kidogo", na jioni baba ameondoka na picha, mtoto ameondoka na machozi.

Turudi kwa Fundi Anguyo na lori lake.

Nalongo alimkalisha kwenye benchi, akamletea chai, akamtoa habari zake zote kabla kikombe hakijapoa. Alikuwa mtu wa Arua. Zamani alitengeneza malori ya jeshi, lile jeshi lililoshindwa. Alikuwa amempata Resty, msichana wa Kyebando, wakazaa Kisakye. Mji ulipoanguka, malori yalikimbilia kaskazini na mafundi wake ndani. Resty alikuwa mgonjwa. Alifariki wiki ile ile, barabara zimefungwa, na mume wake hakupata habari mpaka mwaka ulipopita. Sasa alikuwa amerudi, ana kibanda chake cha kuchomelea pale Katwe, anatengeneza mageti na majiko. Kila Jumapili alikwenda Kyebando akabisha. Kila Jumapili mama wa Resty alimjibu kutoka ndani kwamba nyumba hii haina mtu.

"Mimi hapana taka kuchukua mutoto kwa nguvu," alisema. "Nataka tu yeye ajue uso yangu. Siku moja nitembee naye kwa barabara kama baba ingine."

Nalongo akamtazama. "Na ukimwona leo utamwambia nini? Hajui Kiswahili. Wewe Kiganda hujui."

"Kiganda mingi sijui. Mkono ndiyo inajua." Akalisukuma lori mbele kidogo, likalia kwaru.

Jjajja alipofika, ndivyo tunavyowaita mabibi mjini kwetu, akiwa na gomesi ya maua, lile vazi refu la akina mama wa Kiganda, na mwavuli, ameshika mkono wa msichana mwembamba wa miaka saba, Nalongo alimpokea nje kwenye ngazi. Walizungumza muda mrefu. Nilisimama mlangoni nikijifanya nafagia. Jjajja hakupandisha sauti hata mara moja, jambo lililonitisha zaidi.

"Damu ni damu, siwezi kuikana," alisema mwishoni. "Amwone humo ndani, mbele ya macho yenu. Lakini mlango huu asiuvuke na mtoto wangu. Siku atakapouvuka naye, hamtaniona tena."

Likabaki tatizo jingine. Kwa Waganda, mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi pamoja wala hawagusani. Wazee husema wakigusana, mikono yao itatetemeka hadi kaburini. Ukumbi wetu ulikuwa mmoja tu. Hapo ndipo Nalongo alipovuta katikati ya ukumbi ule ubao wa maonyesho, mrefu kuliko mtu, wenye magurudumu chini na picha pande zote mbili. Jjajja akaketi upande wa picha ya wanawake wanaovuna mtama. Fundi Anguyo akaketi upande wa picha ya samaki watatu juu ya sinia. Kila mmoja akaisikia sauti ya mwenzake, hakuna aliyemwona mwenzake.

"Makumbusho mengine hutumia mbao hizi kuonyesha," Nalongo aliniambia. "Sisi tutaficha."

Siku ile ya senene ilikuwa ya vicheko. Fundi alitengeneza mtego mdogo wa mabati mawili yaliyoinama juu ya mkebe, kama ile mikubwa inayosimama juu ya mapaa mjini msimu ukifika, na watoto wakapiga foleni kurusha panzi na kuwaona wakiteleza, trrr, mpaka chini. Mimi nilikuwa nimempa kila mtoto senene hai wa kuchora. Nilipofika meza ya nyuma nikakuta mvulana amechora kitu kama njugu.

"Mabawa yako wapi?" nikamwuliza.

"Ndivyo alivyo sasa, Anti," akasema, akanionyesha kwa penseli. Mabibi walikuwa wamewasha jiko la mkaa kwenye baraza, wamekwisha kuwanyonyoa vielelezo vyangu vyote, na kitunguu kinakaangika. Basi tukachora harufu.

Kisakye alisimama kwenye ukingo wa ubao, mguu mmoja upande wa bibi, mguu mmoja upande wa baba. Sikumsukuma. Hilo nalo mlijue: mtoto akisimama mpakani, mwache asimame, anapima. Fundi naye hakumwita. Alichukua senene mmoja, akampandisha kwenye lori la buluu, akalivuta. Senene akaruka, akatua kwenye paji la uso wake yule mtu mrefu, akabaki hapo. Fundi hakumpangusa. Akaendelea kulivuta lori kwa uso mzito wa dereva wa serikali.

Kisakye akacheka. Akauvuta ule mguu mwingine, akawa upande wa baba.

Mwanzo wa mwaka walikuja tena, siku za udongo. Kisakye alitazama makovu ya mikono ya baba yake, akaniambia kwa Kiganda, "Anti, muulize, ni nini kilimfanya hivi."

Nikauliza. Fundi akafikiri. "Mwambie ni chuma. Chuma iko na meno."

Nikatafsiri. Msichana akakaa asubuhi yote akifinyanga chuma chenye meno. Kilikuwa na meno juu, chini na mgongoni. Alipomaliza akamwekea baba yake kifuani mwa shati, mfukoni, kikiwa bado kibichi, shati likaharibika, na mtu yule akatembea hadi Katwe akiwa na doa la tope juu ya moyo kama nishani. Kutoka upande wa mtama nilimsikia Jjajja akisema, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Shati hilo nani atalifua?" Nalongo akanikanyaga mguu ili nisijibu.

Nilidhani tumefika. Nilidhani Pasaka mambo yatamalizika yenyewe.

Pasaka tulifanya siku ya vipepeo: yai, kiwavi, kifuko, kipepeo. Fundi Anguyo alikuja na mabawa aliyoyafanyia kazi mwezi mzima, ya waya na kitambaa cha miavuli mibovu, yanafunguka na kufungika kwa kamba. Ukumbi mzima uliacha kazi kuyatazama. Akaniambia, "Mama, nataka mutoto atoke kwa kifuko, watu waone. Iko kitambaa kubwa? Rangi kama ya majani kavu?"

Nilikijua nilicho nacho. Stoo kulikuwa na lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mtuba, rangi ya kutu, laini, kinanukia moshi. Wachoraji wetu walikibandika kwenye turubai na kupaka rangi juu yake. Machoni pangu mimi mtoto wa reli, kilikuwa kitu cha kazi, kama karatasi, ila kizuri zaidi. Nalongo alikuwa ametoka kutafuta maji, bomba lilikuwa limekauka. Nikakitoa, nikampa.

Akamlaza Kisakye juu ya meza ndefu. Akamzungushia lubugo kutoka miguuni hadi kichwani, akafunika uso, akafunga kwa uzi. Ndani yake msichana alikuwa anacheka mpaka meza inatikisika. Niliona wazazi wamenyamaza. Nikadhani wanangoja kwa hamu. Mwanamke mmoja alijifunika mdomo, nikadhani anazuia kicheko. Kisha mtoto fulani akakimbia kuuzunguka ubao: "Jjajja, njoo umwone Kisakye!"

Na Jjajja, ambaye miezi yote hiyo hakuwahi kuvuka upande wa samaki, akavuka.

Ukelele ule sitausimulia. Nitasema tu kwamba kicheko ndani ya lubugo kilikatika na msichana akalala kimya kabisa, kwa hofu, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Jjajja aliupasua uzi kwa mikono na meno, akamtoa, akambeba kama mtoto mchanga ingawa miguu ilimning'inia hadi magotini, akatoka naye kwenye mvua. Kiatu kimoja kilibaki chini ya meza.

Fundi Anguyo alisimama na mabawa mikononi. "Nimefanya nini?" akaniuliza. Nami sikujua.

Nalongo alirudi na dumu la maji, akaitazama meza, akatazama kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema chini. Alitueleza sote wawili, wageni wa mji mmoja. Mzee anaweza kuvaa lubugo siku kuu, amelifunga begani, anasimama na kutembea. Lakini aliyelazwa chali, amezungushiwa lubugo, uso umefunikwa, huyo ni maiti. Hakuna Mganda asiyelijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana hakuna Mganda aliyewahi kufikiria kutuambia.

Kabla hujampa mtu kitu acheze nacho, uliza kinafanya kazi gani siku isiyo ya mchezo. Waulize watu wawili, na mmoja awe bibi.

Wiki iliyofuata mimi na Nalongo tulikwenda Kyebando kurudisha kiatu. Jjajja alikuwa barazani anasuka mkeka, na hakuacha kusuka. Kisakye alichungulia dirishani, akaondolewa kwa jicho moja tu.

"Mnajua mabugo?" Jjajja aliniuliza mimi, si Nalongo. "Mtu akifa, mkwe huleta lubugo la kumfunika. Ndiyo heshima yake kwa nyumba. Resty alipokufa, askari wanakimbia, risasi zinalia, sokoni hakuna hata chumvi. Nilingoja mume wake aje. Watu wakaniambia maiti hawezi kungoja. Nilimfunika mwanangu kwa shuka la kitanda." Vidole vyake vilipitisha ukindu juu, chini, juu. "Halafu mtu yule yule anakuja na lubugo. Anamvika nani? Aliye hai."

"Nnyabo, hakujua," alisema Nalongo, akimwita kwa heshima ya Kiganda.

"Hiyo ndiyo kesi yangu. Mke anaumwa, hakujua. Mke anazikwa, hakujua. Lubugo, hajui. Atajua lini?"

Nilikwenda Katwe peke yangu. Kule mtu hazungumzi, hupiga kelele, maana kila kibanda kina nyundo yake. Fundi aliponiona alizima mashine, akavua miwani, nikamwambia yote kama nilivyoyasikia. Hakujitetea. Aliketi juu ya geti ambalo halijamalizika.

"Shuka," alisema. Kisha, "Shuka ya rangi gani?"

Nikatikisa kichwa.

"Yeye alipenda ile ya maua njano," akasema. "Nilinunua mimi." Nyundo za majirani zikaendelea pande zote. Halafu akainua uso. "Mama, mimi nifundishwe kusema kwa Kiganda. Sitaki wewe useme kwa ajili yangu. Wewe utasema vizuri sana."

Nalongo ndiye aliyemfundisha, jioni baada ya kazi, kwenye ngazi zetu. Na alipomaliza kumfundisha alifanya jambo ambalo mimi nisingethubutu: alituma ujumbe Kyebando kumwomba Jjajja aje aongoze siku ya mikeka Agosti, kwa kuwa mikono kama yake haikuwepo mjini. Akaongeza kwamba ubao utakuwepo mahali pake. Hakuficha nani atakuwa upande wa pili.

"Atakuja?" nikamwuliza.

"Mwanamke anayejua kazi humkasirikia Mungu lakini kazi haikatai," alisema, ila aliuma kucha siku ile yote.

Alikuja. Alikuja na Kisakye na tita la ukindu uliopakwa rangi ya zambarau na kijani, akaketi upande wa mtama, familia zikamzunguka sakafuni. Alikuwa mwalimu mkali. "Wewe bwana mwenye tai," alimwambia baba mmoja, "huo si mkeka, hicho ni kiota cha kunguru. Fumua." Bwana akafumua.

Fundi Anguyo aliingia kimya. Alivua viatu mlangoni mwa ukumbi, hakuna aliyemwambia. Alivaa kanzu, ya kuazima bila shaka, ilimfikia katikati ya miguu. Chini ya kwapa alibeba kitu kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Alikwenda upande wa samaki, akapiga magoti, jambo ambalo mwanamume hafanyi ovyo, na ubao ule ulikuwa karibu na uso wake kabisa. Akasema kwa Kiganda, kila neno kwa shida, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Maama. Nimechelewa. Nimeleta mabugo ya Resty."

Ukindu ulinyamaza katika mikono ya watu wote. Hata watoto. Kisakye alikuwa amesimama pale pale mpakani, anatazama huku, anatazama huku.

Niliona mgongo wa Jjajja tu, na shingo yake. Kisha, kwa sauti kavu, "Nani kamfundisha?"

"Mimi, nnyabo," alisema Nalongo.

"Umemfundisha vibaya. Anasema kama mtu anayetafuna mahindi ya kuchoma."

Kuna mtu alicheka kwa pua, akajizuia. Jjajja akanyoosha mkono bila kugeuka. "Lete nione."

Nikakichukua kutoka mikononi mwa Fundi, mikono inayotetemeka bila kumgusa mtu yeyote, nikauzunguka ubao. Jjajja alifungua majani. Lilikuwa lubugo jipya, pana, rangi ya kutu iliyoiva, lisilo na kiraka hata kimoja. Aliliinua dhidi ya mwanga wa dirisha akatafuta matundu. Akalinusa. Akapitisha kiganja juu yake, taratibu, kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama mtu anayenyoosha kitanda. Kisha akalikunja, akalifunga tena katika majani yake, akanirudishia.

"Mpelekee," akasema.

Sikusogea. "Jjajja, tafadhali..."

"Nasema mpelekee! Mimi si maiti. Aliyeletewa ni mke wake. Aende akamfunike mwenyewe."

"Hajui kaburi lilipo," nikasema.

"Ndiyo, hajui. Amezoea." Akachukua ukindu wake, akaanza tena kusuka, haraka, bila kuangalia. "Mtoto anajua. Ni huko shambani kwetu, njia ya Gayaza. Kila Krismasi tunapalilia naye. Ampeleke. Na jua lisizame kabla hajamrudisha kwangu nyumbani. Nyumbani, nimesema, si hapa. Atabisha, nitafungua."

Nikampelekea Fundi mzigo wake na maneno hayo, kwa Kiswahili, ingawa nadhani alikuwa ameshayaelewa. Alibaki magotini. Kisakye ndiye aliyekuja akasimama mbele yake, akamkagua kuanzia kanzu hadi miguu mitupu.

"Anti, mwambie avae viatu," alisema. "Kule kuna tope na siafu."

"Anasema nini?" Fundi akaniuliza.

"Anasema uvae viatu."

Akavivaa. Nikatembea nao ujia wote hadi mlango wa mbele. Kisakye alikuwa anamweleza kwa Kiganda, bila kujali anaelewa au la, kwamba kwanza kuna kanisa, halafu kuna mbwa, mbwa anabweka lakini haumi, halafu kuna mfenesi umeanguka, na hapo wanakata kushoto. Kwenye kizingiti yule mtu mrefu akasimama. Miezi yote hiyo hapo ndipo alipokuwa akiuachia mkono wa binti yake. Alinitazama, akatazama nyuma ukumbini, kule kwenye ubao.

"Bado yupo?" sauti ya Jjajja ikatoka upande wa mtama. "Jua linamngoja yeye?"

Kisakye akamshika kidole kimoja, akamvuta. Msichana alitangulia, baba akafuata ameinamisha kichwa ili asijigonge, lubugo chini ya kwapa. Mlango wetu ulikuwa umevimba kwa mvua, haukubali kufungika mpaka usukumwe. Niliwatazama hadi walipofika kwenye geti, kisha nikaegemeza bega, nikausukuma, ukafungika.